Zamu ya Kukaa Gogoni

Enyi mnaojipiga makofi mashavuni huku mkingoja samaki wakauke, sogeeni upande wa moshi, msikie makofi hayo yalianzia wapi. Hayakuwapo tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati mbu hakuwa na sauti, na moshi wa moto wa mvuvi ulikuwa ukuta ambao hakuuvuka.

Wakati huo wavuvi na mbu walikuwa na mapatano. Kinamasi kilikuwa cha mbu, hilo hakuna aliyelibisha. Wao walikuwako kabla ya mtumbwi wa kwanza. Kwa hiyo kila kundi la wavuvi lililoingia huko wakati wa kiangazi kutega migono na kukausha samaki lilitafuta gogo moja na kuliweka nje ya moshi, hatua ishirini kutoka motoni, kando ya matete. Jioni, jua lilipogusa vichwa vya mafunjo, mtu mmoja alikwenda kukaa juu ya gogo lile, kifua wazi, mikono juu ya magoti. Hakupiga wala hakupunga. Mbu walikuja wakala. Nyota ya kwanza ilipoonekana waliondoka, na mtu yule alirudi kwenye moshi akapakwa majani ya mvumbasi yaliyopondwa. Baada ya hapo hakuna aliyeumwa mpaka jioni nyingine. Kesho yake alikaa mwingine, na siku iliyofuata mwingine, kwa zamu, maana damu ya mtu ikipumzishwa siku mbili tatu hurudi ilivyokuwa.

Matete yalikuwa marefu na mamba hawakuwa mbali. Kwa sababu hiyo aliyekaa gogoni alivuma kwa pua, mdomo umefumbwa, sauti moja nyembamba isiyokatika. Waliokuwa kwenye moshi hawakumwona, lakini waliposikia mvumo ule walijua yupo na ni mzima, wakaendelea na kazi zao.

Mapatano hayo yalidumu vizazi vingi, mpaka kiangazi kile ambacho Kihongo na mdogo wake Mpangile waliingia kinamasini pamoja na shemeji yao.

Shemeji huyo aliitwa Mgaya. Alikuwa mtu wa milimani, wa watu wanaolima ulezi na kuogopa maji yanayopita magoti, na alikuwa amemwoa Sikitu, dada yao. Kwa desturi ya watu wa kinamasi, mwanamume aliyeoa kwao alifanya kazi na ndugu za mkewe viangazi vitatu kabla ya kupewa kiwanja cha kujenga. Katika viangazi hivyo alikuwa na adabu moja kubwa kuliko zote: hakukataa neno la shemeji zake. Akiambiwa beba, alibeba. Akiambiwa ngoja, alingoja. Nao kwa upande wao hawakutakiwa kumwagiza jambo ambalo wasingelifanya wenyewe. Nusu hii ya pili ya desturi haikuwa na msimamizi ila wao wenyewe.

Kiangazi hicho kilikuwa cha tatu. Miti ya nyumba ilikuwa imekwisha kukatwa, imelazwa kivulini ikauke. Ilibaki safari hii moja.

Asubuhi ya kuondoka Sikitu aliteremka mpaka majini na furushi la mvumbasi. Kihongo alikuwa amekwisha kukaa mbele ya mtumbwi. Mgaya alikuwa akipanga migono katikati. Sikitu aliwapita wote wawili, akaenda nyuma alikosimama Mpangile ameshika upondo wa kusukumia mtumbwi. Mpangile alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alimbeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia.

"Huyu hajui kusema hapana," alimwambia kwa sauti ya chini, akimwonyesha Mgaya kwa macho. "Kihongo naye akianza kuona samaki haoni kitu kingine. Kwa hiyo simkabidhi Kihongo. Nakukabidhi wewe."

"Mtu mzima huyu, dada. Unanikabidhi kama kifaranga?"

"Ndiyo, kama kifaranga. Mrudishe."

Mpangile alicheka, akapokea furushi. Alisema atamrudisha, na alipolisema alikusudia hivyo. Hilo inafaa likumbukwe.

Walisafiri siku nne kwenda juu ya mto, katikati ya mafunjo yaliyofunga njia nyuma yao mara tu mtumbwi ulipopita. Mchana mbung'o waliwafuata, lakini mbung'o ni mgomvi wa mchana, anauma anakwenda zake, hana mapatano na mtu. Siku ya tano walifika kwenye kisiwa cha udongo kisichozidi uwanja wa nyumba mbili, penye kina cha maji tulivu pande zote. Kihongo alichovya mkono majini, akausikiliza kama anayepima joto la mgonjwa.

"Hapa," alisema.

Hakukosea. Migono waliyotega jioni ilikuwa mizito asubuhi. Perege, kambale, na ningu wakubwa ambao hawajapata kuwaona. Walijenga kichanja, wakawasha moto wa kinyesi cha tembo kilichokauka, wakaweka na chungu cha moshi upande unakotoka upepo. Kisha wakavingirisha gogo mpaka kwenye matete.

Jioni ya kwanza alikaa Kihongo. Ya pili alikaa Mpangile. Ya tatu alikaa Mgaya, na mvumo wake uliwashangaza, maana ulikuwa mwembamba na wa juu sana kwa mtu mwenye mabega kama yake.

"Shemeji," Mpangile alimwambia aliporudi, "unavuma kama ndama aliyebanwa na mlango."

"Kwetu ndama akibanwa tunamfungulia," Mgaya alijibu, akijipaka mvumbasi. "Ninyi mnakaa mnasikiliza."

Wakacheka wote watatu, hata Kihongo, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka.

Siku ya nne mwiba wa kambale ulimchoma Kihongo kiganjani. Mkono ulivimba mpaka kifundoni, na mtu aliyevimba namna hiyo haachi mbu wamguse. Jioni ilipofika alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Shemeji, nikalie leo," alisema. "Leo tu."

"Haina neno, shemeji," alisema Mgaya, akavua nguo ya juu.

Hapakuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Hata leo mtu angeomba hivyo, na mwenzake angekubali.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya Mpangile. Mchana kutwa alikuwa amesukuma upondo kwenda kutegua migono ya mbali, na mvua isiyo ya majira ilimnyeshea njiani. Aliporudi alijinyoosha kando ya moto ajipashe joto kidogo kabla ya jua kugusa mafunjo. Usingizi ukampitia. Alipofumbua macho mwanga ulikuwa mwekundu, na kutoka kwenye matete alisikia mvumo, mwembamba, wa juu. Mgaya hakumwamsha. Alikuwa ameona shemeji yake amechoka, akaenda.

Mpangile alilala pale akisikiliza. Jua lilikuwa bado. Angeweza kuinuka, kutembea hatua ishirini na kumgusa begani. Alijua hivyo, na mwili wake ulijua pia, maana aliuhisi mguu mmoja ukijikunja tayari kusimama. Lakini moto ulikuwa mzuri. Akajiambia kwamba mtu aliyekwisha kaa amekwisha kaa, na kumtoa katikati kungekuwa kama kumkosoa. Akaunyoosha mguu.

Baadaye, katika maisha yake yote, alipotafuta mahali jambo lile lilipoanzia, hakufika kwenye mwiba wa kambale. Alifika kwenye mguu ule.

Siku ya sita ilikuwa zamu ya Mgaya mwenyewe. Siku ya saba mkono wa Kihongo ulikuwa umenywea, lakini hakusema kitu, na jua lilipoteremka Mgaya alisubiri kidogo, akatazama huku na huku, kisha akavua nguo ya juu akaenda. Kufikia hapo hapakuwa na haja ya kuagiza.

Jioni ya nane, ambayo kwa hesabu ilikuwa ya Mpangile, Mgaya aliinuka akashika nguzo ya kichanja. Vidole vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyekaa majini muda mrefu.

"Shemeji, leo pumzika," alisema Mpangile. "Zamu ni yangu."

Kihongo alikuwa akigeuza samaki. Hakugeuka. "Kesho unasukuma upondo mpaka kwenye bwawa la juu," alisema. "Ukilegea wewe, nani ataurudisha mtumbwi? Mimi mkono huu? Au yeye, asiyejua hata maji yanaelekea wapi? Kila mtu na kazi yake. Mimi natafuta samaki, wewe unasukuma, shemeji anakaa."

"Kaka, ni zamu yangu."

"Nimesikia."

Mgaya aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Hakuwa na hasira usoni. "Mkubaliane kwanza ninyi ndugu wawili," alisema. "Mtakalosema mimi nitafuata."

Akasimama akingoja. Alingoja muda wa kutosha, kama mtu anavyongoja maji yachemke. Kihongo aligeuza samaki. Mpangile alitafuta neno la kumwambia kaka yake, na maneno yalikuwapo, yalikuwa manne tu au matano. Lakini Kihongo ndiye aliyemfundisha kushika upondo, na aliyosema hayakuwa ya kipumbavu. Mtumbwi ulihitaji mtu mwenye nguvu. Mpangile aliinama akauchochea moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Basi Mgaya akavua nguo ya juu akaenda.

Siku ya tisa alianza kutetemeka juani. Alikunywa maji mengi, akasema ni baridi ya maji ya huku, kwao milimani baridi ni kavu. Alijaribu kusuka mgono uliokatika, na fito zikamponyoka mikononi. Mpangile alimwekea perege mnono kuliko wote wa jioni ile, akamtolea miiba kwa vidole vyake. Alimpa hata blanketi lake. Alimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja.

"Twende nyumbani, kaka," alisema siku ya kumi. "Shemeji hayuko sawa."

"Siku mbili," alisema Kihongo. "Kichanja kimebaki ncha ile tu. Unafikiri haya yote ni kwa ajili ya nani? Huyu huyu anajenga mwaka huu. Nusu ya samaki hawa ni wake." Na hilo nalo lilikuwa kweli. Kihongo alikusudia kumpa.

Siku ya kumi na moja kichanja kilijaa. Waliupakia mtumbwi mchana, samaki juu ya samaki, mpaka ukingo wake ukabakiza vidole vinne tu kufikia maji. Waliamua kuondoka alfajiri. Ilibaki jioni hiyo moja, na kwa hesabu ilikuwa ya Mpangile. Hakuna aliyeitaja hesabu. Mgaya aliondoka akijishika kwenye matete, polepole, na baada ya muda mvumo wake ukaanza, hafifu kuliko siku zote.

Mpangile alikaa karibu na ukingo wa moshi ili ausikie. Aliusikiliza kwa bidii, na kadiri ulivyoendelea bila kukatika moyo wake ulitulia. Anavuma, alijiambia. Anayevuma yu mzima. Kesho tunarudi, na nikifika nitamwambia dada kila kitu, na atanitukana, na yataisha. Tena ilionekana mvumo unapata nguvu. Ulikuwa umeanza kama uzi, sasa ulikuwa mnene, kama wa watu watatu au wanne.

Nyota ya kwanza ilionekana. Mvumo uliendelea.

"Mbona harudi?" aliuliza Mpangile.

"Si unamsikia anaimba?" alisema Kihongo.

Nyota ya pili ilionekana, na ya tatu. Mpangile alichukua kijinga cha moto, akazitembea zile hatua ishirini. Mgaya alikuwa ameketi juu ya gogo, kichwa kimeinamia kifuani, mikono juu ya magoti kama mapatano yalivyotaka. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Mpangile aliweka kiganja mbele ya pua yake, akakiweka muda mrefu. Kilichokuwa kikivuma hakikuwa Mgaya. Kilikuwa wingu la mbu juu ya kichwa chake, wamejaa damu ile ya siku tisa mfululizo, na pamoja na damu walikuwa wamenywa sauti yake.

Mbu mmoja jike, mzee, alitoka kwenye wingu akaja sikioni kwa Mpangile. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mbu kusema na mtu, na alisema kwa sauti ya Mgaya.

"Hatukuwa na sauti," alisema. "Kila jioni tulikuta ngozi ile ile, tukajua zamu imekwama mahali. Tungekuwa na sauti tungeuliza: zamu ya nani? Hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikula kilichowekwa. Sasa tunayo, maana mwenyewe haihitaji tena. Wala msituwekee gogo. Tutakuja wenyewe, kwa kila mtu, tupite kwenye moshi wenu, na kabla ya kula tutauliza."

Kisha akauliza.

"Zamu ya nani?"

Kihongo alikuwa amefika, amesimama nyuma ya mdogo wake, na mbu mwingine alikuwa sikioni kwake akiuliza vile vile. Kihongo aliinua ule mkono wake uliopona, akapiga kwa nguvu. Mbu alikuwa amekwisha kuondoka, na kofi likampata mwenyewe shavuni. Mbu akarudi, akauliza tena. Kihongo akajipiga tena. Alikuwa akilia, lakini hakuacha kujipiga.

Alfajiri waligundua kwamba mtumbwi hauna mahali pa kumlaza Mgaya. Ulikuwa umejaa. Kihongo mwenyewe, bila kuambiwa, aliingia akaanza kuwatoa samaki, kwanza wachache, kisha wote, akiwarudisha kichanjani mmoja mmoja kana kwamba watakuja kuchukuliwa siku nyingine. Walimlaza Mgaya katikati, juu ya migono, wakaweka chungu cha moshi miguuni pake. Kurudi ni kufuata maji, walitumia siku mbili tu. Mbu walipita katikati ya moshi ule njia nzima.

Sikitu alikuwa majini akisafisha sufuria. Aliuona mtumbwi unaelea juu juu, akajua hauna samaki. Kisha akasikia mvumo, na kwa muda mfupi uso wake ukafunguka, maana aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomwimbia jioni alipokuwa akisaga. Alisimama kumlaki mumewe. Mtumbwi ulipogonga mchanga aliona aliye katikati.

Aliingia majini mpaka kiunoni, akamfunika Mgaya uso kwa khanga yake. Mbu mmoja akatua sikioni kwake akauliza swali lake. Sikitu alitega sikio, akamwacha aulize mpaka mwisho. Kisha akamtazama Mpangile.

"Unaulizwa," alisema.

Hakumwambia neno jingine siku hiyo, wala mwaka huo. Miti ya nyumba ilikaa kivulini mpaka mchwa walipoimaliza.

Na tangu siku hiyo mbu ana sauti, na hauimbii mguu wala mgongo, ambako ndiko anakokula. Huja sikioni kwako kwanza. Tangu siku hiyo hupita kwenye moshi, akichelewa kidogo tu. Ile baridi ya juani iliyomshika Mgaya siku zile waliinywa pamoja na damu, na hadi leo humwachia wamtakaye, ndiyo maana mgonjwa wa homa hutetemeka mchana wa jua kali. Na wavuvi wetu wakipiga kambi, mgeni au shemeji hulazwa katikati kabisa ya moshi, hata akikataa. Wengi wanaofanya hivyo wanadhani ni ukarimu.

Mpangile aliishi mpaka nywele zikawa nyeupe. Wanasema jioni alikaa nje ya nyumba yake, kifua wazi, mikono juu ya magoti, na mbu alipomjia sikioni alimjibu kwa upole, kama mtu anayejibu hodi.

"Yangu," alisema. Na mbu aliuma vile vile.

Hatujasikia mtu mwingine aliyejibu. Sisi tunausikia ule mvumo mwembamba ukikaribia, tunajua kabisa unachouliza, tunainua mkono. Mbu huwa amekwisha kuondoka, na kofi linatua shavuni kwetu wenyewe.